Tuzipime Rampu za Kikuubo

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi ndugu zangu mnaoketi madarasani sasa, nina neno moja juu ya Kikuubo, na neno lenyewe ni la hesabu. Najua ya kuwa wako watu ambao wakisikia hesabu hufunua ukurasa wa pili upesi. Tafadhali msifunue. Hesabu nitakayoitaja ni ndogo, kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aijua, na kwa hesabu hiyo twaweza kumwepusha mtu na kuvunjika shingo.

Kikuubo twakijua sote. Kwa Kiganda jina hilo maana yake ni uchochoro, na kweli ni uchochoro, hapo katikati ya Kampala karibu na Nakivubo na kituo cha taksi cha zamani. Lakini ni uchochoro unaolisha miji mingi. Sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kula, biskuti na madaftari huuzwa hapo kwa jumla, na wachuuzi huja kutoka pande zote za Uganda, wengine hata kutoka Kongo na Sudani Kusini. Mwenye duka dogo kijijini, akitaka bei nzuri, hana budi kufika Kikuubo mwenyewe, aone mali kwa macho yake, ashike, aulize, aondoke kidogo, arudi, apunguziwe. Hiyo ndiyo biashara.

Basi yatupasa kuuliza: je, afikaje mtu anayetembelea kiti cha magurudumu?

Jambo la kwanza linalomzuia ni kizingiti. Kikuubo kiko bondeni, na mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Nakivubo hufurika na maji hutafuta milango. Kwa sababu hiyo wenye maduka wengi wameinua sakafu zao, wakaweka ngazi moja, mbili, au tatu. Siwalaumu hata kidogo, kwani mfuko wa sukari ukilowa ni hasara tupu. Na tena wako wenye majengo waliofanya hisani: wamejenga rampu, yaani ile sakafu ya saruji iliyoinamishwa ili magurudumu yapande mahali pa ngazi. Ukipita hapo ukaiona, moyo wako hufurahi, nawe husema, "Naam, hapa pana watu waungwana."

Maoni yangu ni haya: tusifurahi mpaka tumepima. Rampu ambayo haikupimwa si msaada bado, ni saruji tu. Na rampu iliyosimama mno ni mbaya kuliko ngazi. Mtu wa kiti akiiona ngazi hujua ya kuwa hapandi, akasimama, akaita. Lakini rampu humwambia "karibu", naye huiamini, kisha humwangusha. Afadhali ngazi isemayo kweli kuliko rampu isemayo uongo.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Darasani tulifundishwa ya kuwa mteremko ni mwinuko wa wima ukigawanywa kwa umbali wa mlalo. Tulichora mistari ubaoni, tukatafuta mteremko wa kila mmoja, tukapata vyema na vikosi, kisha ubao ukafutwa. Wengi walidhani ya kuwa mambo yameishia hapo. Lakini rampu ni mstari ule ule uliotoka ubaoni ukajengwa kwa saruji. Mwinuko wake ni kimo cha kizingiti kutoka chini. Umbali wake wa mlalo ni nafasi inayotwaliwa na rampu juu ya ardhi, tangu inapoanza hata chini ya mlango. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, nawe umekwisha kujua siri yake.

Kipimo kinachotumiwa katika nchi nyingi ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda idai sentimita 12 za kwenda mbele. Kipimo hiki hakikuokotwa njiani. Marekani ilikiandika katika kanuni zake za kwanza za majengo kwa ajili ya wenye ulemavu mwaka 1961, baada ya kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Illinois chini ya Bw. Timothy Nugent. Chuo hicho kilikuwa kimepokea wanafunzi wenye viti vya magurudumu, na miongoni mwao walikuwamo askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili. Kwa pembe, mteremko huo haufiki hata digrii 5. Huo ndio mwisho wa kuruhusiwa. Ukiwa wa nafuu zaidi, kama 1 kwa 15 au 1 kwa 20, ni bora.

Tukokotoe basi. Ngazi moja ya sentimita 15 yataka rampu ya sentimita 180. Ngazi mbili, jumla sentimita 30, zataka meta 3 na sentimita 60. Ngazi tatu za sentimita 45 zataka meta 5 na sentimita 40. Watu wengi wakisikia hivyo hushangaa, maana jicho hudanganya. Jicho letu la mtu mwenye miguu hutazama rampu ya meta moja na nusu mbele ya ngazi tatu likasema, "Inatosha." Miguu yetu ndiyo isemayo hivyo. Mikono ya mtu aketiye hainena hivyo.

Nitawapa habari ya rafiki yangu mmoja, mtu tuliyesoma naye darasa moja, ambaye jina lake nitaliacha. Ana duka la rejareja mji mwingine, na kwa miaka mingi sasa hutembelea kiti. Alikuja Kikuubo kununua sabuni, akafika kwenye jengo moja ambalo nalo sitalitaja. Mbele yake palikuwa na rampu mpya, tena imepakwa rangi nzuri. Akaanza kupanda kwa nguvu za mikono yake. Alipofika katikati, uzito wake ulihamia nyuma ya yale magurudumu makubwa, na magurudumu madogo ya mbele yakainuka hewani. Wapagazi wawili waliokuwa wakipita walitupa mizigo yao wakamdaka mabegani. Kama si wao, angeangukia kisogo.

Siku ile ile nilimwomba bawabu ruhusa, nikaipima rampu hiyo kwa futi ya fundi. Mwinuko sentimita 45, umbali wa mlalo sentimita 150. Gawanya: ni 3 kwa 10. Yaani rampu ilikuwa na mteremko zaidi ya mara tatu na nusu ya ule unaoruhusiwa. Ilikosa karibu meta nne za urefu, na wala hapakuwa na mtu aliyejua.

Tazameni nguvu inayotakiwa. Chukua mtu wa kilo 80 na kiti cha kilo 20, jumla ni kilo 100. Juu ya mteremko wa 1 kwa 12, sehemu ya uzito inayomvuta kurudi chini ni kama kilo 8. Hizo mikono yaweza kuzishinda. Juu ya ule mteremko wa 3 kwa 10, sehemu hiyo ni kama kilo 29. Hiyo ni zaidi ya nusu ya gunia la sukari la kilo 50, nayo yamvuta kwa nyuma huku anajitahidi kwenda mbele. Mtu mwenye mikono hodari ataweza kidogo, kisha atachoka. Na akichoka katikati ya rampu hana pa kupumzika. Na asiyekwenda peke yake, anayesukumwa na mwenziwe, hajaokoka bado. Wakati wa kushuka, mwenzi huyo hana budi kuzuia kilo zile zile 29, pengine juu ya saruji iliyolowa mvua.

Hapana shaka baadhi yenu mwauliza ni vipi tupime bila vyombo vya wahandisi. Vyombo vyatosha vile vya fundi mwashi yeyote: ubao, pima maji na futi. Fanyeni hivi. Twaeni ubao ulionyooka wenye urefu wa sentimita 120. Wekeni ncha yake moja juu ya rampu, na ncha ya pili mwishike hewani kuelekea upande wa chini. Wekeni pima maji juu ya ubao, mkiinua au kushusha ncha ile ya hewani mpaka kiputo kikae katikati. Sasa ubao umelala sawasawa. Pimeni pengo lililoko kati ya ncha ya hewani na sakafu ya rampu chini yake. Likiwa sentimita 10 au pungufu, rampu ni salama kwa mteremko wake, kwa maana 10 kwa 120 ni 1 kwa 12. Likiwa 15, mteremko ni 1 kwa 8. Likiwa 20, ni 1 kwa 6, na hapo ni hatari. Kwa rampu ya rafiki yangu pengo lingekuwa sentimita 36. Asiye na pima maji na achukue chupa inayoonyesha ndani, iliyonyooka ubavuni, aitie maji nusu, aifunge vizuri na kuilaza juu ya ubao. Maji yakilingana na ubavu wa chupa toka mwanzo hata mwisho, ubao umelala.

Lakini jihadharini na mambo matatu, kwani hapo ndipo wapimaji wengi hukosea.

La kwanza, msipime mahali pamoja tu. Wastani waweza kuficha hatari. Tuseme rampu yapanda sentimita 30 katika meta 3 na sentimita 60. Kwa jumla ni 1 kwa 12, nasi twasema ni njema. Lakini ikiwa sehemu ya chini ya sentimita 240 yapanda sentimita 10 tu, basi zile 20 zilizobaki zimesongamana katika sentimita 120 za juu, na hapo mteremko ni 1 kwa 6. Mtu atapanda kwa raha, kisha ataangukia mlangoni. Kwa hiyo sogezeni ubao hatua kwa hatua, toka chini hata juu.

La pili, pimeni na ubavu. Rampu ikiinamia upande mmoja, kiti huvutwa kwenda ukingoni au mferejini. Kanuni za Marekani za leo hazikubali mteremko wa ubavuni kuzidi 1 kwa 48. Kwa ubao wetu ule ule, ukilazwa kukingama rampu, pengo lisizidi sentimita 2 na nusu.

La tatu, tazameni kilele na urefu. Mtu akifika juu, lazima apate mahali pa sawa pa kusimama huku akifungua mlango, kama meta moja na nusu. Mlango ukifunguka kuja nje moja kwa moja juu ya mteremko, humsukuma kurudi alikotoka. Na rampu ndefu yataka kituo cha kupumzikia: kanuni hizo hizo zasema mwinuko mmoja usizidi sentimita 76 kabla ya kupata mahali pa sawa. Tena pawe na vyuma vya kushikia, na ukingo wa kuzuia gurudumu lisitoke. Na vigae vinavyong'aa visitumiwe kabisa, maana vikilowa huwa kama sabuni ile iuzwayo ndani.

Nimezungumza na wenye maduka kadha wa kadha, nao walinijibu kwa adabu. Majibu yao mawili yafaa kusikilizwa.

Wengi walisema, "Nafasi hapana. Hapa Kikuubo hata mtu mwembamba hupita ubavu." Ni kweli, na asiyekubali hajafika Kikuubo. Lakini rampu si lazima itokeze mbele kama ulimi. Yaweza kulala kando ya ukuta, ikaenda upande mmoja, ikapata kituo, ikarudi upande wa pili. Maduka manne yenye baraza moja yaweza kujenga rampu moja kwa pamoja, na gharama zikagawanywa. Penye ngazi moja tu, yaweza kuwekwa rampu ya mbao au ya chuma inayoondolewa jioni, mradi nayo itii kipimo kile kile. Na pasipowezekana kabisa, basi mwenye duka na aseme kweli: aweke kengele mlangoni chini, na mtu wa kutoka nje na mali mkononi ili mnunuzi aione na kupatana bei. Hilo si sawa na kuingia, lakini halimvunji mtu mgongo. Lisilofaa ni kujenga rampu fupi ili kujiridhisha nafsi.

Wengine walisema, "Watu wa viti ni wachache, hawaji hapa." Jibu langu ni kwamba hawaji kwa sababu hawawezi kuingia. Rafiki yangu, tangu siku ile, humtuma kijana. Kijana humletea sabuni asiyoichagua yeye, kwa bei asiyopatana yeye, na juu yake hulipa nauli na ujira. Hivyo mali yake ni ghali kabla hajaiweka rafuni, naye hushindana na majirani wenye miguu. Yeye haombi sadaka. Aomba kupatana bei kama mfanya biashara mwingine.

Tena rampu si ya mtu wa kiti peke yake. Simameni Kikuubo asubuhi mkawatazame wapagazi na matoroli yao. Toroli lenye mzigo wa kilo 200 juu ya mteremko wa 1 kwa 12 humdai mpagazi nguvu ya kama kilo 17. Juu ya mteremko wa 1 kwa 4, humdai kama kilo 48. Mwenye duka aliyejenga rampu ya kipimo hupata mizigo yake upesi, na katoni hazianguki. Mama mjamzito, mzee mwenye mkongojo, na kijana aliyevunjika mguu mpirani, wote watapita hapo. Wazee walisema kabla hujafa hujaumbika. Hakuna mmoja wetu ajuaye atapanda mlango wa mwaka kesho kwa miguu au kwa magurudumu.

Na sheria? Sheria tunayo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa na kutunziwa utu wao. Mwaka 2008 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao. Mwaka 2010 kilitolewa kitabu cha viwango vya ujenzi kwa ajili yao, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020 ilishika mahali pa ile ya 2006. Lakini sheria haina macho wala futi. Yenyewe haiwezi kuinama mbele ya mlango ikapima pengo. Kazi hiyo yataka mtu, na mimi nasema mtu huyo aweza kuwa mwanafunzi.

Kwa hiyo natoa shauri. Walimu wetu wa hesabu, wanapofika kwenye somo la mteremko, wawatoe wanafunzi nje. Waanze hapa hapa shuleni: maktaba, maabara, bwalo la chakula, na ofisi ya Mwalimu Mkuu. Vipimo viandikwe katika daftari moja, kila rampu na mwinuko wake, umbali wake na mteremko wake. Zisizofaa zijengwe upya kwanza, ili tukienda kwa watu tusiambiwe turudi kwetu. Kisha, kwa ruhusa ya wazazi na ya wenye majengo, kundi dogo liende Kikuubo siku ambayo msongamano ni mdogo. Wasiende kwa kejeli wala kwa kutisha watu kwa sheria. Wasalimu, waombe ruhusa, wapime, wamwachie mwenye duka karatasi yenye tarakimu tatu na neno moja: "salama" au "hatari". Mfanya biashara wa Kikuubo ni mtu wa mizani. Akiona tarakimu huelewa upesi kuliko hotuba.

Nanyi wanafunzi wa zamani, wengi wenu leo ni wahandisi, makandarasi, na wenye majengo. Neno langu kwenu ni fupi. Mnapopatana na fundi, msimwambie "weka rampu". Fundi huweka rampu ienee pale mlipomwachia nafasi, na kosa si lake. Mwandikieni katika mapatano: mwinuko kadha, urefu kadha, mteremko usizidi 1 kwa 12. Kisha kabla ya kumlipa, wekeni ubao.

Ubao wa sentimita 120 hukatwa kwa fundi seremala yeyote hapa Kampala, na chupa ya maji haina bei. Atakayepima, na atuletee tarakimu zake tuzichape katika toleo lijalo, pamoja na maoni ya yeyote asiyekubaliana nami.